Ua Wetu Ulivyoonekana Kutoka Ukutani

24 Septemba

Jugo limeingia. Upepo huu wa kusini hauji kwa kishindo. Unajipenyeza kama mgeni asiyebisha hodi, na asubuhi ukiamka unakuta mkate umelegea, shuka zina unyevu, na kila mtu mtaani ana neno lake baya mdomoni. Wazee wa Dubrovnik walikuwa wakisema jugo likivuma baraza la mji lisipitishe sheria yoyote. Mimi nasema hata supu isipikwe. Ya kwangu imeungua.

Vlaho hakuila. Wala hakusema imeungua. Aliweka kijiko chini akageuza uso kuelekea uani. Tangu kiharusi kimwangushe mwezi wa nne, hiyo ndiyo lugha yake: kijiko, uso, mlango.

25 Septemba

Jugo.

27 Septemba

Mwanetu Maro amekuja kutoka kwake Mokošica, nje ya mji, na habari za mnunuzi. Ni bwana mmoja wa Split, Bakotić. Anataka nyumba nzima, aigawe vyumba vya kupangisha watalii kama walivyofanya wenzake mtaa mzima. Maro keshapata na sehemu ya kutupeleka: gorofa karibu na kwake, jengo lina lifti, basi linasimama mlangoni.

"Mama, ngazi hizi za mtaani zitakuua wewe kabla hazijamuua baba," alisema.

"Punguza sauti. Dirisha liko wazi."

"Liwe wazi. Na yeye asikie."

Vlaho alikuwa kwenye kiti chake uani, chini ya kichanja cha mzabibu. Alisikia. Maneno yake siku hizi hutoka moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Fanyeni," alisema, kisha kimya, kisha, "mtakavyo."

Nimekubali. Tutatia saini kwa wakili katikati ya Novemba. Ninaandika nikiwa nimesimama, daftari liko juu ya friji. Nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la posta nikigonga mihuri, na sasa kila kiti ndani ya nyumba hii kinanichoma.

30 Septemba

Leo nimefanya jambo la ajabu: nimepanda juu ya ukuta wa mji.

Nilitoka kununua samaki, nikakuta meli tatu zimetia nanga na watu wamejaa barabara kuu hadi huwezi kuona mawe unayokanyaga. Nilisimama na kikapu changu nikaona siwezi kwenda mbele na sitaki kurudi nyumbani. Nikakata kushoto hadi lango la mashariki, zinapoanzia ngazi za ukutani. Pasko ndiye aliyekuwa zamuni. Nimemjua Pasko tangu ana meno ya utoto. Vlaho alimfundisha mpira wa majini, na mpaka leo Pasko humwita kapteni.

"Shangazi Jele, umepotea? Soko liko chini."

"Chini nimekuchoka."

Akanitazama, akatazama kikapu, akanifungulia. Juu ya ukuta watu wote huenda upande mmoja ili wasigongane. Ukiingilia mashariki unapanda kwa upande wa mlimani hadi mnara wa Minčeta, halafu unaweza kushukia Pile, lango la magharibi. Ukitaka, unaendelea kwa upande wa baharini. Mimi nilishukia Pile. Upande wa baharini ndiko nyumba yetu ilikojibanza chini ya ukuta, na nyumba hiyo naiona ya kutosha.

Juu ya Minčeta nilisimama nikihema. Mara ya mwisho kufika pale nilikuwa na mimba ya Maro. Bibi arusi mmoja, sijui wa nchi gani, aliniomba nimshikie viatu wakati akipigwa picha. Nilimshikia. Ndilo jambo lililonifurahisha zaidi wiki hii.

1 Oktoba

Nimepanda tena.

2 Oktoba

Nimepanda. Samaki ameharibika kikapuni kwa jua. Nimempa paka wa jirani.

5 Oktoba

Imekuwa mazoea. Asubuhi namvalisha Vlaho, namsogeza hadi kwenye kiti, namwekea redio na maji, kisha naenda. Made, jirani yetu wa mlango wa pili, husikiliza kama kuna lolote. Tena yeye ndiye anayenisukuma: "Nenda, nenda ukapunge upepo. Mimi nipo."

Mke mwema hangekwenda, najua. Ila sikiliza: mtaalamu wa viungo alikuja nyumbani mara tatu na mara tatu Vlaho akamfukuza. Mtu aliyewahi kubeba timu nzima mgongoni, aliyeogelea Januari kwa ubishi wa kopo la bia, sasa hainui hata mguu nimvishe soksi. Nikimwambia ajaribu kusimama anasema, "Kesho." Nikimwambia tena ananipa kisogo. Huyo ndiye mtu ninayemwacha kwenye kiti. Nikirudi ninamkuta kwenye kiti kilekile, ametulia kama sufuria, na ninahisi hasira inanipanda kutoka magotini.

Kule juu hakuna anayenijua. Wageni wanatembea wakitazama ramani zao, wanashangaa vigae vya mapaa, wananipisha. Mzee mmoja wa Kijerumani aliniuliza kama ninaishi hapa. Nikamwambia hapana.

9 Oktoba

Suruali za Vlaho zimechafuka magotini, na kiwiko kimevilia damu. Nimemuuliza. "Mlango," alisema.

"Mlango umekupiga magotini?"

Akageuza uso.

Nadhani anateleza kutoka kitini na Made anamwinua bila kuniambia. Nimemuuliza Made naye akaanza kunieleza habari za bei ya mafuta ya zeituni.

12 Oktoba

Maro amepiga simu. Bakotić anataka kuja kupima vyumba. Nimesema aje. Nimefua suruali zile mara mbili, doa la magoti halitoki.

15 Oktoba

Bakotić amekuja. Ni mtu mpole, nilitamani awe mbaya. Alimpa Vlaho mkono, akasubiri mpaka mkono wa Vlaho ukafika. Alipima jiko letu akasema hapa patatoka bafu mbili.

Amepima na ua. Alisimama karibu na kisima akainua macho ukutani, ambako watalii walikuwa wamejipanga wakitutazama. "Hivi hamkereki?" aliuliza.

"Unazoea," nilisema. "Ni kama ndege."

Nilipogeuka nikamkuta Vlaho anatabasamu peke yake. Bakotić akafikiri anatabasamu kwa mzaha wangu. Mimi ninamjua mume wangu. Mzaha wangu haujamchekesha tangu mwezi wa nne.

18 Oktoba

Jugo limerudi, zito, bahari ina rangi ya majivu. Pasko alikuwa langoni amejikunyata.

"Kapteni anaendeleaje?"

"Amekaa."

"Amekaa," alirudia, akacheka. "Shangazi, na yale makofi?"

"Makofi gani?"

Uso wake ukabadilika. Akaanza kuhesabu tiketi ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. "Aa, mimi naropoka. Ni jugo hili."

"Pasko. Makofi gani?"

"Nenda upande wa baharini," alisema bila kunitazama. "Mimi sijasema kitu."

Sikwenda. Nilishukia Pile kama kawaida, nikarudi nyumbani, nikamkuta amekaa.

19 Oktoba

Sasa nitaandika yote, na nitaandika nimekaa.

Nilipofika Pile sikushuka. Nilifuata wageni upande wa baharini, nimejifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, kama mwizi. Upepo ulikuwa unapiga mawe kwa chini, povu linaruka. Karibu na ngome ya Margarita nikaona watu wamesimama kundi zima, wamegeuzia bahari mgongo. Mtu anakuja Dubrovnik kutoka upande wa pili wa dunia halafu anaigeuzia bahari mgongo. Lazima kuna kitu. Hawakuwa wakiongea. Mwanamke mwenye kofia nyekundu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Nikajipenyeza. Chini yetu ulikuwa ua wangu. Nguo zangu za ndani zimeanikwa, Mungu anisamehe. Kiti cha Vlaho kilikuwa kitupu.

Alikuwa amesimama.

Alishika nguzo ya kichanja kwa mkono wa kulia, na mguu wa kushoto, ule unaokataa soksi, alikuwa akiuburuta kama mtu anavyomvuta mtoto mkaidi. Hatua moja. Akapumzika, paji la uso kwenye nguzo. Hatua nyingine. Kati ya nguzo ya mwisho na kisima hakuna cha kushika. Pale alisimama muda mrefu sana. Nilihisi watu wote ukutani wameacha kuhema. Kisha akaachia.

Sijawahi kuona kitu cha polepole namna ile kikienda kasi namna ile. Alifika kisimani kwa magoti na kiwiko, akakumbatia ukingo wake, akajiinua. Akageuka. Akaanza kurudi. Safari ya kurudi hakuanguka.

Alipoketi watu wakapiga makofi. Vlaho hakuinua kichwa. Aliinua vidole viwili tu, kama alivyokuwa akifanya bwawani alipotaka mwamuzi ajue kwamba mchezaji wake yuko sawa. Halafu Made akatoka kwenye kivuli cha mlango wetu na taulo, akamfuta jasho, akamweka sawa nywele, akamsogezea redio. Akawa sufuria tena, tayari kwa ajili yangu.

Mwanamke wa kofia nyekundu alikuwa analia. Aliniambia kitu kwa lugha yake na kunigusa bega. Nilitaka kumwambia: yule ni mume wangu, nimelala naye kitanda kimoja tangu nina miaka ishirini, na wewe umemwona akisimama kabla yangu. Watu wa dunia nzima wamemwona, wenye kofia na wenye miavuli na wenye mbwa. Isipokuwa mimi.

Nilirudi nyumbani nikamwuliza kama ana njaa.

20 Oktoba

Nimekwenda. Ameanguka mara moja.

21 Oktoba

Nimekwenda. Nimejificha nyuma ya watu wa Korea.

22 Oktoba

Sijui nina furaha au nina hasira. Nimempikia kabichi na nyama ya kukaushwa moshini, chakula anachopenda kuliko vyote, halafu nikamwekea kwa kishindo mezani hadi mchuzi ukamwagika.

"Nini?" aliuliza.

"Hakuna."

"Jugo," alisema, akala.

Made nimeacha kumsalimu. Anajua kwamba ninajua. Nimemwona akinichungulia dirishani kama kuku.

26 Oktoba

Bura leo, upepo wa kaskazini, anga limeoshwa, kila jiwe linaonekana. Hali kama hii hunipa akili. Nimewaza hivi: mtu anayejiua namna ile kwa ajili ya kufika kisimani, anafanya hivyo kwa sababu moja tu. Anataka kuonyesha kwamba anaweza kuishi hapa. Anataka tusiuze. Alisema "fanyeni mtakavyo" kwa mdomo, na kila asubuhi anasema hapana kwa magoti. Na mimi, mke wake, nimekuwa nikimpimishia bafu.

28 Oktoba

Nimempigia Bakotić na kumwambia hatuuzi. Alisema anaelewa, na nikibadili mawazo nimpigie. Sikumwambia Vlaho. Nilitaka amalize kwanza. Nilitaka siku moja anionyeshe mwenyewe, ndipo na mimi nimwonyeshe langu.

29 Oktoba

Maro amekuja akiwa amevimba mashavu. Bakotić amemwambia.

"Mama, umechanganyikiwa? Nani atambeba baba ngazini akiugua tena? Mimi? Niko kazini bandarini mchana kutwa."

"Hatabebwa."

"Ataruka?"

"Usinipandishie sauti kwangu."

"Kwako," alisema, akashuka ngazi bila kuaga. Nilimsikia hadi chini kabisa.

1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nimepeleka maua makaburini Boninovo peke yangu. Makaburi ya kwao Vlaho nimeyasugua kwa brashi. Nilimwambia mama mkwe, "Mwanao anatembea." Huko alipo, labda alijua kabla yangu naye pia.

4 Novemba

Meli zimepungua. Ukutani kuna watu wachache, wamesambaa mmojammoja, na ninakosa pa kujificha. Nikisimama nyuma ya mnara mdogo ninaona nusu ya ua. Leo nimeona nguzo na mguu mmoja tu. Mguu ulikuwa unaenda vizuri.

7 Novemba

Usiku mzima jugo limepiga dirisha, na asubuhi mawe yote yametoka jasho. Nilimwambia Vlaho, "Leo baki ndani, uani panateleza." Ndiyo njia pekee niliyoijua ya kumwambia. Akasema anataka hewa. Made alikuwa amekwenda Gruž, upande wa bandarini, kwa daktari wa meno. Nilikaa jikoni. Nilisimama. Nilifikiri: nikienda hatakuwa na mtu, na nikibaki hatasimama. Nikaenda.

Ukuta ulikuwa mtupu. Pasko alikuja nyuma yangu, ati anakagua vizuizi vya upepo, ila najua alikuja kwa ajili yangu. Tulifika juu ya ua pamoja. Vlaho alikuwa keshafika mwisho wa nguzo. Aliinua macho kidogo upande wa kushoto, kwenye ukuta, akiwatafuta watu wake. Hapakuwa na mtu upande ule. Akaachia.

Mguu wa kulia, ule mzima, ndio ulioteleza. Alianguka chali. Nilisikia kichwa kikigonga, ingawa Pasko anasema kwa upepo ule nisingeweza kusikia. Hakujiinua. Mkono mmoja ulitafuta kitu hewani halafu ukashuka.

Nikaita jina lake. Niliita kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Alifungua macho. Tulitazamana, yeye chini chali, mimi juu na kitambaa changu cha wizi kinapepea. Ukuta ule ulijengwa ili mtu asipite, na kweli hapiti. Yuko pale, ungemdondoshea ua la mkononi, na huwezi kumfikia.

"Nyuma, shangazi, nyuma ni karibu," Pasko alisema, akanishika mkono, na tukakimbia kinyume cha njia. Mgeni mmoja alituonyesha mshale wa ukutani. Pasko akamwambia neno ambalo sitaliandika. Tulishukia Pile, tukakatiza vichochoro, na zile ngazi zetu nilizozilaani miaka yote sikumbuki kuzipanda.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kisima. Damu kidogo kisogoni. Pasko alimtazama macho, akamwuliza leo siku gani, Vlaho akamwambia ni siku ya wapumbavu. Pasko akasema basi anakwenda kumwita daktari, akatuacha.

Nilikaa chini kwenye maji kando yake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi uliopita. Na wewe?"

"Tangu Agosti."

"Agosti, Vlaho? Ninakuvalisha soksi kama mtoto tangu Agosti?"

"Soksi bado siwezi."

Nilimpiga begani, lile zima. Kisha nikamwuliza kwa nini wageni waone na mimi nisione.

Alichukua muda mrefu. Sikumsaidia maneno, ingawa nimezoea kumsaidia.

"Wao," alisema, "wakiniona naanguka, jioni wanapanda meli. Wanakwenda. Wewe ukiniona, unabaki nayo. Kila ukinitazama."

Mvua ilianza, matone mazito ya joto. Hatukuondoka.

"Nimemwambia Bakotić hapana," nilisema. "Hatuuzi. Nilikuona ukijitahidi, nikajua hutaki kuondoka. Unaweza kuacha kujivunja magoti. Tunabaki."

Alinitazama kama nimeongea Kichina. Halafu bega lake likaanza kutikisika, na nikadhani ni kiharusi tena, nikamshika. Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa mdomo unacheka, mwingine unangojea.

"Mwanamke," alisema. "Mimi najivunja magoti nipate kuondoka. Wewe unatufungia ndani."

"Kuondoka?"

"Nasikia unavyohema. Ngazini. Kila mfuko. Kila chupa ya gesi. Niko hapa kwenye kiti nasikia." Akapumzika. "Nikasema twende. Ila sitabebwa. Kwenye kiti, kama kabati, mji mzima unaangalia. Niliingia nyumba hii kwa miguu na godoro mgongoni. Nitatoka kwa miguu."

"Na hupendi tena hapa?"

Aliangalia kisima, nguzo, ule mzabibu uliobaki vijiti. "Hapa siendi popote, Jele," alisema. "Naenda kisimani, narudi."

Daktari alipofika alitukuta tumelowa wote wawili, akatukemea kama watoto.

8 Novemba

Nyuzi nne kisogoni. Anaumwa kichwa na ana njaa. Nimempelekea Made sahani ya maandazi. Tumelia kidogo mlangoni. Alisema, "Aliniapisha kwa Mtakatifu Vlaho, msimamizi wa mji, ningefanyaje?"

10 Novemba

Nimempigia Bakotić: tunauza. Nimempigia na Maro. Maro alisema, "Baba anatembea?" Akarudia. Nikasikia ameweka simu chini bila kuikata, na sauti ya pua.

13 Novemba

Sasa anafanya mazoezi mbele yangu. Ni vibaya zaidi kuliko nilivyofikiri. Kutoka juu husikii anavyouma meno.

16 Novemba

Tumetia saini. Wakili alitaka kuja nyumbani. Vlaho alikubali, kwa sababu ngazi bado hajaziweza.

21 Novemba

Ngazi tano kushuka, tano kupanda. Alinitukana, akaniomba radhi, akanitukana.

24 Novemba

Ninafunga vyombo. Nilidhani nitalia juu ya vitu vikubwa, kitanda, kabati la mama mkwe. Nimelia juu ya kamba ya nguo. Miaka yote nilianika chini ya macho ya watu nikanung'unika, na leo nimeikunja nikaona mikono haitaki kuiweka kwenye boksi.

30 Novemba

Tumeondoka.

Maro alikuwa akingoja na gari Pile tangu asubuhi. Vlaho alivaa suti ile ya harusi ya Maro, koti linamning'inia. Alisimama kizingitini, akakigusa kwa fimbo, akashusha mguu mbovu kwanza kama alivyofundishwa. Mtaalamu wa viungo amerudi siku hizi. Safari hii ni yeye aliyetishia kuondoka.

Pasko alikuja bila sare. Alishuka mbele yake kinyumenyume, ngazi kwa ngazi, mikono nyuma ya mgongo ili asishawishike kumshika. Made alitoa kiti kwenye kila kituo cha ngazi, na kila kituo Vlaho alikipita kile kiti bila kukitazama. Madirisha ya mtaa yalikuwa yamefungwa. Zamani tungepita pale watu wangejazana. Novemba hii hayupo hata mmoja, vyumba vyote ni vya kupangisha na wapangaji hawapo. Nilikuwa nikiogopa mji utamtazama. Sikuwa nimefikiria kwamba mji haupo.

Nadhani na yeye aliliona hilo. Katikati ya ngazi alisimama, akatazama juu na chini. "Watu wako wapi?" alimwuliza Pasko.

"Sisi hapa, kapteni."

"Wanne."

"Timu ndogo."

Alicheka kwa pua, akaendelea. Aliteleza mara moja na kushika ukuta wa nyumba ya watu. Tulipofika barabarani, kwenye mawe tambarare, mwanamume mmoja mwenye kamera alianza kumpiga picha, Made akaenda kusimama mbele ya kamera na mwavuli wake wazi, ingawa mvua haikuwepo. Vlaho alitembea hadi Pile. Ilichukua asubuhi yote. Maro alishuka garini, mtu mzima wa miaka arobaini, akasimama na mlango wazi, hakujua aweke wapi mikono.

"Funga mdomo, utaingia nzi," Vlaho alimwambia, akapanda gari.

Mimi niligeuka mara moja kuutazama ukuta. Kulikuwa na watu wawili tu juu, wamepeana migongo.

3 Desemba

Mokošica. Maboksi. Sijui vijiko viko wapi.

5 Desemba

Watu wa jengo hili wanasalimiana kwenye lifti. Sijazoea. Naota ndoto za kupanda ngazi.

9 Desemba

Leo asubuhi nilikuwa bafuni, nikatoka, kiti cha Vlaho kitupu. Nikatazama barazani, hayupo. Mlango umerudishwa tu. Nilishuka na viatu vya ndani, bura linanipiga masikio, nikitafuta chini kwenye saruji mtu aliyelala.

Alikuwa kituo cha basi. Amekaa kwenye benchi katikati ya wanawake wawili wenye mifuko ya soko, amevaa jaketi la zamani la timu, fimbo kati ya magoti.

"Unakwenda wapi?"

"Gruž. Bwawani. Vijana wana mazoezi."

"Umewaaga akina nani?"

"Nimeaga mlango."

Mmoja wa wanawake wale alicheka. Nikasema anisubiri nivae viatu, niende naye. Alitikisa kichwa.

"Nani atakushusha, Vlaho?"

"Dereva. Nikianguka, wataniokota. Huku kuna watu, Jele."

Basi likaja. Alipanda kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, mguu mmoja, akangoja, mguu mwingine. Dereva alingoja. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama kwenye baridi na viatu vya ndani. "Na wewe, mama, unapanda?"

Nikasema hapana. Lilikuwa neno dogo lakini lilinitoka kwa taabu kuliko yale yote niliyomwambia Bakotić.

Alirudi saa ya chakula. Miguu ya suruali ilikuwa imelowa hadi magotini, nikashtuka, kumbe amesimama ukingoni mwa bwawa na vijana wamemrushia maji. Alikuwa na hasira. Kipa wao hafai kitu, alisema. Anacheza na mikono chini kama anaosha vyombo. Na kocha wao anajua, ananyamaza, kwa sababu ni mtoto wa dada yake. Alizungumza mpaka chakula kikapoa. Maneno yake bado yanakuja moja moja, mengine hayaji kabisa, na nikayangoja yote hadi la mwisho.

Kesho kutwa anarudi. Wamemwambia akae upande wa goli. Sauti yake haifiki ng'ambo ya bwawa, kwa hiyo anataka filimbi. Nimeuliza duka la chini, hawana. Kesho nitapanda basi mimi nikamtafutie mjini.